Safu, si Amri wala Oda

Imenifikia orodha ya istilahi iliyoandaliwa kwa ajili ya wafasiri na wahariri, na humo ile heshima kongwe ya Monako, Ordre de Saint-Charles, iliyoasisiwa na Charles III tarehe 15 Machi 1858, imeitwa "Amri ya Mtakatifu Charles". Chini yake heshima ya Liechtenstein, iliyoanzishwa mwaka 1937 wakati wa Franz I, imeitwa "Oda ya Ubora". Misalaba, nyota na tepe zinazoambatana na heshima hizo zimeitwa "vifaa". Sitawataja waandaaji, wanajijua, na baadhi yao nimekaa nao meza moja. Lakini orodha ikishapigwa muhuri huingia katika magazeti, kisha katika kamusi, kisha katika mitihani ya watoto wetu, na kuitoa huko ni kazi ya kizazi kizima. Ndiyo sababu naandika mapema, na kwa uchungu.

Nianze na "amri", kwa kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Aliyeichagua alitazama neno la Kiingereza peke yake, neno linalobeba amri ya askari, mpangilio wa vitu na bidhaa anazoagiza mwenye duka, akachukua maana ya kwanza iliyomjia. Angetazama Kifaransa, ambacho ndiyo lugha rasmi ya Monako, angekuta jambo ambalo lingemzuia papo hapo. Mtu hateuliwi katika heshima hii kwa maneno matupu; huteuliwa kwa Ordonnance Souveraine, yaani amri ya mtawala, na amri hiyo huchapishwa katika gazeti rasmi, Journal de Monaco. Hiyo ndiyo amri ya kweli. Sasa mfasiri wetu ataandikaje? "Amri ya mtawala inayomteua fulani katika Amri ya Mtakatifu Charles"? Msomaji atadhani kuna makosa ya uchapaji. Tena tazama Kifaransa kinavyosema: mtu huteuliwa au hupandishwa *ndani ya* Ordre de Saint-Charles. Mtu haingii ndani ya amri. Huingia mahali penye watu.

"Oda" nayo tunayo tangu zamani, na ina kazi yake. Seremala hupokea oda ya vitanda, fundi cherehani hupokea oda ya sare za harusi, mwenye duka huweka oda ya mchele. Ni neno zuri la biashara, na kulivisha taji la mtawala ni kulionea.

Hoja nzima iko katika Kilatini, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu wanaokimbilia tafsiri bila kupita kwenye asili ya neno ndio waliotufikisha hapa. Neno *ordo* lilimaanisha mstari, watu au vitu vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Linakwenda pamoja na kitenzi *ordiri*, kuanza kufuma, kutandaza nyuzi za kwanza kwenye kitanda cha mfumi. Kutoka nyuzi likahamia kwa watu. Roma ilikuwa na *ordo senatorius*, daraja la wajumbe wa Seneti, na *ordo equester*, daraja la wapanda farasi, raia wenye mali ya kuwawezesha kuhudumu vitani juu ya farasi. Mwaka 67 kabla ya Kristo ikapitishwa Lex Roscia, sheria iliyowatengea wapanda farasi hao mistari 14 ya viti katika jumba la michezo, nyuma ya Seneti. Natamani waandaaji wa orodha wangetulia kidogo hapo. *Ordo* haikuwa sitiari kwa Warumi. Ungeweza kuiona kwa macho na kuihesabu kwa kidole, watu wa heshima moja wamekaa mstari mmoja.

Kanisa la Magharibi lilipohitaji neno la kuita watawa wanaoishi chini ya kanuni moja, likachukua hilo hilo. Kisha wakaja watawa wenye panga. Wahospitali wa Mtakatifu Yohana, waliotambuliwa na Papa mwaka 1113, walikuwa watawa kwanza na askari baadaye, na msalaba wao wa ncha nane ndio unaoitwa hadi leo msalaba wa Malta. Wafalme wakaona na kutamani. Edward III wa Uingereza akaunda mwaka 1348 Order of the Garter, kundi dogo la wapiganaji waliomzunguka yeye mwenyewe. Filipo Mwema wa Burgundia akafuata mwaka 1430 huko Bruges kwa Toison d'or, Manyoya ya Dhahabu, yenye idadi maalumu ya wanachama na mkutano wao. Mwanachama alipofariki, mkufu wake ulirudishwa, na pengo lake likajazwa na mwingine. Chuma kilirudi, kilichobaki ni kundi.

Napoleon ndiye aliyegeuza mambo. Tarehe 19 Mei 1802, Ufaransa ikiwa bado jamhuri na madaraja ya zamani yakiwa yamefutwa na mapinduzi, ikaanzishwa Légion d'honneur, wazi kwa askari na raia bila kujali ukoo. Hata neno *ordre* lilikwepwa kwa kuwa lilinuka ukabaila. Badala yake likachukuliwa jina la kikosi cha Kirumi. Lakini tazama: kikosi nacho ni watu. Madaraja yake yalipotulia yakawa matano, na nusu ya Ulaya ikayaiga. Charles III alipoanzisha heshima yake miaka 56 baadaye aliyafuata hayo hayo: chevalier, officier, commandeur, grand officier, grand-croix.

Ndipo nakuja kwa wale wanaosema, "Kwa nini usumbufu huu wote? Tuna neno *nishani*, litumike." Hao nawaheshimu zaidi, kwa sababu wana historia upande wao. Tanzania ina Nishani ya Mwenge wa Uhuru yenye madaraja yake, na sina nia ya kuigusa. Kenya nayo ina heshima ya Moyo wa Dhahabu na ya Mkuki Uwakao, ambazo madaraja yake yameitwa chifu, mzee na morani, na magazeti ya Kiswahili huziita nishani zote. Jina ambalo nchi imelipa heshima yake ni mali ya nchi hiyo.

Lakini *nishani* limetoka wapi? Ni neno la Kiajemi, *nishan*, alama. Waosmani walilichukua na kuliweka kwenye heshima zao: Nişan-ı İftihar ya Mahmud II, kisha Nişan-ı Osmani ya 1862. Waarabu walichagua *wisam*, kutoka mzizi wa kutia alama, ule ule unaotumika kwa chapa ya mnyama. Huko mwanzo ulikuwa alama. Mtawala alimtia mtu wake alama inayong'aa, basi. Hapakuwa na watawa nyuma yake, wala mkutano wa wanachama, wala kiti kinachobaki wazi mmoja akifa. Kwa hiyo Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alipoanzisha heshima yake tarehe 22 Desemba 1875, miezi michache baada ya ziara yake Uingereza, aliiita kwa Kiarabu *Wisam al-Kawkab al-Durri*, na sisi tukiiita Nishani ya Nyota Ing'aayo tunasema sawasawa. Vivyo hivyo Nyota ya Nzwani ya mwaka 1874, iliyozaliwa katika visiwa vya Komoro, ikachukuliwa na Ufaransa kuwa heshima ya makoloni yake, hadi ilipokunjwa mwaka 1963 ulipoundwa Ordre national du Mérite. Katika nchi hizi alama ilitangulia.

Ulaya watu walitangulia, alama ikafuata. Anayeziita zote "nishani" anafuta tofauti ya karne saba kwa neno moja, kisha anajikwaa mwenyewe, kwa sababu sasa hana jina la ile alama. Atasema "nishani ya nishani"? Atasema, kama orodha yetu ilivyosema, "vifaa"? Vifaa ni nyundo na msumeno. Wapo watakaonijibu kwamba Wajerumani nao hutumia neno moja, *Orden*, kwa kundi na kwa msalaba wake. Kweli. Lakini Wajerumani wana pia *Ordenszeichen*, alama ya Orden, pale wanapotaka kutofautisha, na wanatofautisha kila inapobidi. Tuige uangalifu wao, tuache udhaifu wao.

Neno ninalopendekeza ni *safu*. Nimelipendekeza kabla ya leo, mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kulipitisha, nikaambiwa kwamba ni neno la mpira na milima. Sikuridhika na jibu hilo wakati ule, na siridhiki nalo sasa.

*Safu* ni Kiarabu, *saff*, mstari ulionyooka. Waumini husimama safu msikitini, bega kwa bega, aliyewahi mbele na aliyechelewa nyuma. Sura ya 61 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Kiswahili kimelipokea na kulikuza: safu ya milima ya Usambara, safu ya ulinzi na safu ya ushambuliaji, safu ya mwandishi gazetini. Na, hili ndilo walionikatalia hawakutaka kulisikia, vyama vyetu vinapomaliza uchaguzi mkuu wa ndani, magazeti huandika kwamba chama kimepata *safu mpya ya uongozi*. Hapo safu ni nini? Ni watu waliopangwa kwa vyeo, wakiongozwa na mmoja, ambao mtu huingia kwa kuteuliwa au kuchaguliwa na hutoka kwa kuondolewa. Ndicho hasa *ordo* ya Kirumi ilichokuwa, na ndicho *ordre* ya Monako ilicho. Sijui neno jingine la Kiswahili linalokutana na Kilatini kwa karibu namna hii, katika maana ya mstari, ya watu, na ya vyeo, yote kwa pamoja. Warumi walikuwa na mistari 14 ya viti. Sisi tungeiita safu 14 bila kufikiri mara mbili. Kwa nini tufikiri mara mbili tukifika Monako?

Walikuwapo pia waliotaka *twarika*, kwa kuwa twarika za Kisufi hufanana na mashirika ya watawa. Ni wazo la mtu msomi, lakini twarika ni njia ya kumwendea Mungu, ina sheikh, nyiradi na silsila yake. Mfanyabiashara aliyepewa msalaba kwa kujenga hospitali hajaingia twarika yoyote. Wengine walitaka *utawa*, na hao wamesahau kwamba wanachama wa leo wana wake na watoto.

Jina la nchi nalo lisemwe. Orodha inaiita Monako "ufalme mdogo", na mtawala wake "mwanamfalme". Mwana wa mfalme yupi? Monako haina mfalme. Albert II ni mtawala mwenyewe, kama baba yake Rainier III alivyokuwa, na cheo chake kinatoka Kilatini *princeps*, aliye wa kwanza. Wajerumani wameyatenga mambo haya vizuri: anayetawala Liechtenstein ni *Fürst*, na wanawe ni *Prinz*. Sisi tunalo neno *mtemi*, la Wanyamwezi na Wasukuma, kiongozi mwenye nchi yake asiye mwana wa mfalme mwingine yeyote, na wapo walioanza kuandika "Utemi wa Monako" na "Utemi wa Liechtenstein". Naunga mkono kwa moyo wote.

Na mtakatifu aitwe Karoli, kama Wakatoliki wetu wanavyomwita. Asije mtu akachanganya hapa na Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, miaka 28 baada ya safu hii kuasisiwa. Karoli wa Monako ni somo wa mtemi mwenyewe, Charles III, ambaye jina lake limebaki pia katika Monte Carlo, mlima wa Karoli, tangu mwaka 1866. Mwanzoni mwa utawala wake utemi ulikuwa na jeraha: Menton na Roquebrune zilikuwa zimejitenga tangu 1848, na mwaka 1861 alikubali kuziachia Ufaransa kwa faranga milioni nne. Katikati ya hasara hiyo akaunda safu ya heshima. Nadhani alijua alichokuwa akifanya. Mtawala anayeweza kuwapanga watu kwa vyeo na kuwatambua mbele ya mataifa bado ni mtawala, hata ardhi yake ikipungua.

Sasa *ubora*. Hili nalo haliwezi kupita. Jina la safu ya Liechtenstein ni *Verdienstorden*, na *verdienen* ni kupata kwa jasho, mshahara hata sifa. Kilatini *mereri* ni hivyo hivyo. Askari wa Roma alipata ujira wake kwa kitenzi hicho. Ubora ni wa saruji na mafuta ya kula, unaopimwa na kupewa alama ya viwango. Mtu aliyehudumia nchi yake miaka mingi hana ubora, ana *stahili*. Waajiri wetu wanalijua neno hili: mtumishi akistaafu hulipwa stahili zake. Waandaaji wa orodha wamenong'onezwa watumie *stahiki*, nami nasema hapana. Stahiki imebeba *haki*, kwa kuwa imetoka katika mzizi wa *haqq*. Ni kitu unachoweza kukidai mahakamani. Stahili imetoka katika *ahl*, kuwa mtu wa jambo hilo, kufaa kuhesabiwa miongoni mwa watu wake. Hakuna aliyewahi kumshtaki mtemi kwa kutomweka katika safu, na hatatokea. Basi iwe Safu ya Stahili ya Liechtenstein.

Turudi Monako. Msalaba wenyewe wa Safu ya Mtakatifu Karoli unafaa kutazamwa kwa makini. Ni msalaba wa Malta wa ncha nane, wa enameli nyeupe yenye ukingo mwekundu, na juu yake taji. Katikati ya mikono yake kuna shada la majani ya kijani. Kwenye duara la kati zimefumwa herufi C mbili za mtemi mwasisi, zikizungukwa na maneno *Princeps et Patria*, Mtemi na Nchi. Upande wa nyuma ni ngao ya ukoo wa Grimaldi, vipande vyekundu na vyeupe vya umbo la almasi, na kaulimbiu yao *Deo Juvante*, kwa msaada wa Mungu. Utepe ni wa rangi hizo hizo mbili. Tazama pia nembo ya utemi: ngao imeshikwa na watawa wawili waliochomoa panga, ukumbusho wa François Grimaldi aliyeingia ngomeni mwaka 1297 akiwa amevaa joho la mtawa, na kuizunguka ngao hiyo umening'inia mkufu wa Mtakatifu Karoli. Mtawa, upanga na mkufu viko katika picha moja. Historia yote ya neno *ordo* niliyoieleza hapo juu imechorwa pale, na bado kuna anayeona "amri".

Vitu hivi vyote kwa pamoja ndivyo *nishani*. Hapo neno limerudi nyumbani: alama. Kila kipande kina jina la Kiswahili lililo tayari. *Msalaba*. *Utepe*. *Ua la utepe*, kile kifundo cha duara kinachomtofautisha afisa na aliye chini yake. *Nyota ya kifuani*. *Mkufu*. Na kwa utepe mpana unaovuka kifua kutoka begani hadi kiunoni, tunalo *ukumbuu*, neno la zamani la kitambaa cha kujifunga, ambalo linafifia bure.

Kwa *chevalier* nasimama na *farisi*. Chevalier ni mtu wa *cheval*, farasi. *Ritter* ya Kijerumani ni mpandaji. *Equites* wa Roma walikuwa wapanda farasi. Na farisi ni Kiarabu *faris*, mpanda farasi hodari, ambaye kwetu amekuwa pia mtu bingwa wa kazi yake. Nimeambiwa litachanganywa na Mafarisayo wa Injili. Mwenye kuchanganya Farisayo na farisi atachanganya pia mfalme na mfariji, na hatuwezi kuitengeneza lugha kwa ajili yake.

Matumizi ni mepesi. Mtu *huingizwa katika* safu au *huteuliwa katika* safu, *huvishwa* nishani, *hupandishwa* daraja, *huondolewa katika* safu. Wa ndani ni *wanasafu*. Mtemi ni *Mkuu wa Safu*. Farisi huvaa msalaba kifuani, afisa vivyo hivyo pamoja na ua la utepe, kamanda shingoni. Afisa mkuu ana nyota. Mwenye Msalaba Mkuu ana ukumbuu na nyota. Ile ya Rainier III ya mwaka 1954 iandikwe Safu ya Grimaldi, bila kuongeza neno lolote.